Pedi ya SNES kwenye konsoli ya NES: kuunda adapta ya nyaya tano na kuitibu inapogoma

Maswali ni yaleyale. "Nimeunganisha rangi kwa rangi, mbona hakuna kitufe kinachojibu?" "Mbona kitufe cha A kimekufa?" "Nikibonyeza Juu, gemu linasimama, kuna nini?" Mengi kati ya hayo yana jibu moja fupi, kwamba waya mmoja kati ya mitano umekwenda pasipo pake. Machache yaliyobaki si hitilafu kabisa. Mwongozo huu wa kutumia pedi ya SNES kwenye NES, konsoli mbili za zamani za Nintendo, unaanzia kwenye kukata kebo mpaka kusoma dalili za adapta iliyogoma. Ukiwa umekwisha kuunda adapta na inakusumbua, anzia hatua ya 7, kisha uende moja kwa moja kwenye sehemu ya hitilafu.

Adapta hii haina chipu wala programu. Inawezekana kwa sababu pedi ya NES na pedi ya SNES zinazungumza na konsoli kwa namna moja. Konsoli inatuma amri kwenye waya wa lachi (latch), na pedi inanasa hali ya vitufe vyake vyote kwa mpigo. Kisha konsoli inatuma mapigo kwenye waya wa pili, ule wa mapigo (clock), na kwa kila pigo pedi inasogeza kitufe kimoja kwenye waya wa data. Kitufe kilichobonyezwa kinasomeka volti 0, kisichobonyezwa kinasomeka volti 5. Ongeza waya wa +5V na waya wa ardhi, hapo una nyaya tano na kazi imekwisha.

Kariri mpangilio wa vitufe, maana ndio utakaokuonyesha ugonjwa baadaye. NES inasoma vitufe 8 kwa utaratibu huu: A, B, Select, Start, Juu, Chini, Kushoto, Kulia. Pedi ya SNES inatoa: B, Y, Select, Start, Juu, Chini, Kushoto, Kulia, halafu A, X, L, R. Kwa hiyo B ya SNES inakuwa A ya NES, na Y ya SNES inakuwa B ya NES. Vile vinne vya mwisho havisomwi na gemu za kawaida za NES, kwa kuwa zinaishia kitufe cha nane. A, X, L na R zisipojibu usifungue chochote, adapta yako ni nzima.

Vitu vya kuandaa

- Kebo 1 ya kurefushia pedi ya NES. Utatumia upande unaoingia kwenye konsoli.
- Kebo 1 ya kurefushia pedi ya SNES. Utatumia upande unaopokea plagi ya pedi.
- Multimita yenye mlio wa kupima mwendelezo wa waya. Bila hii usianze.
- Pasi ya kulehemu ya wati 30 hadi 40, au yenye kipimo cha joto unaloweza kuweka kati ya nyuzi 330 na 350 za Selsiasi.
- Risasi ya kulehemu ya unene wa mm 0.6 hadi 0.8, yenye flaksi ndani.
- Mirija ya kusinyaa kwa joto: vipande 5 vya mm 2 hadi 3 kwa nyaya, na kipande 1 cha mm 8 hadi 10 cha kufunika kiungo chote.
- Kisu au koleo la kumenyea nyaya, na pini nyembamba ya kushonea au mguu uliokatwa wa rezista.
- Kapasita 1 ya seramiki ya nF 100. Si lazima, lakini ni bora kuiweka sasa kuliko kufungua kiungo tena.
- Kwa konsoli ya PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya; ule wa Marekani na Japani ni NTSC): rezista 2 za kΩ 3.6. Kama hiyo haipatikani, 3.3 au 3.9 inafaa.
- Pedi ya NES iliyo nzima, ya kujaribia soketi ya konsoli. Ya kuazima inatosha.

Kabla ya kukata, hakikisha kebo zote mbili ni nzima. Chomeka kila moja kati ya konsoli yake na pedi yake ucheze dakika chache. Ukikata kebo iliyokuwa mbovu tangu mwanzo, utatafuta kosa kwenye ulehemu wako ambako halipo.

Hatua kwa hatua

1. Kata kebo. Bakiza sentimita 15 hadi 20 kila upande unaoutumia. Wengi wanakosea hapa kwa kukata na kuhifadhi upande usio wake. Kwa kebo ya NES, shika plagi unayoisukuma ndani ya konsoli. Kwa kebo ya SNES, shika soketi ambayo pedi inaingia. Vipande vilivyobaki usivitupe, vinafaa kwa majaribio.

2. Menya ganda la nje sentimita 4, kisha umenye kila waya mm 5. Kebo nyingi zina nyaya 5 tu, na hizo zinatosha. Ukikuta 7, mbili za ziada hazina kazi hapa. Zikate kwa urefu tofauti ili ncha zake zisigusane. Baadhi ya kebo zina nyuzi za nailoni zilizosukwa pamoja na shaba. Ziondoe, la sivyo risasi haitashika.

3. Tambua nyaya kwa multimita, sio kwa macho. Hatua hii ndiyo inayotenganisha adapta inayofanya kazi na ile itakayokusumbua wiki nzima. Kwenye pedi halisi za Nintendo, nyeupe ni +5V, ya kahawia ni ardhi na ya machungwa ni lachi, kwa NES na SNES sawa. Mtego uko kwenye mbili zilizobaki. Katika NES nyekundu ni mapigo na ya njano ni data, ilhali katika SNES ya njano ni mapigo na nyekundu ni data. Anayeunganisha rangi kwa rangi anabadilishana mapigo na data bila kujua. Na hapo tunazungumzia kebo halisi. Kebo za kampuni nyingine zina rangi zozote zile, na hata mbili za aina moja zinaweza kutofautiana.

   Soketi ya NES ina pini 7 katika safu mbili, moja ya pini 4 na nyingine ya pini 3, na pembe moja ya umbo lake imekatwa mshazari. Anza kwenye pini iliyo peke yake karibu na pembe hiyo, ushuke kwenye safu ya pini 4: ardhi, mapigo, lachi, data. Katika safu ya pini 3, ile iliyo sambamba na ile ya mapigo ni +5V. Mbili zilizo chini yake ni za vifaa vingine, kama bunduki ya mwanga, na huzihitaji.

   Soketi ya SNES ina pini 7 katika mstari mmoja, zimegawanyika kundi la pini 4 na kundi la pini 3. Upande wa kundi la 4 ni wa mraba, upande wa kundi la 3 umeviringwa. Anza ncha ya mraba: ya 1 ni +5V, ya 2 mapigo, ya 3 lachi, ya 4 data. Ya 5 na ya 6 ziache. Ya 7, kwenye ncha ya mviringo, ni ardhi.

   Tumeeleza kwa umbo na sio kwa kulia na kushoto kwa makusudi. Plagi na soketi ni kama uso na kioo, na mchoro uliochorwa kwa kutazama konsoli unageuka ukitazama plagi. Pembe iliyokatwa na ncha ya mviringo hazigeuki.

   Weka multimita kwenye mlio. Ingiza pini ya kushonea ndani ya tundu moja la plagi ya NES, kisha gusa nyaya moja baada ya nyingine mpaka isikike. Andika kwenye karatasi: tundu, kazi yake, rangi ya waya. Fanya hivyo kwa matundu yote matano, kisha uhamie soketi ya SNES. Usiruke waya wa mwisho kwa kudhani umebaki wenyewe.

4. Linganisha majedwali yako mawili. Muungano ni huu, na hakuna mwingine:

   - Ardhi ya NES kwenda SNES ya 7
   - +5V ya NES kwenda SNES ya 1
   - Mapigo ya NES kwenda SNES ya 2
   - Lachi ya NES kwenda SNES ya 3
   - Data ya NES kwenda SNES ya 4

5. Vika mirija kabla ya kulehemu. Mrija mkubwa kwenye ganda la kebo, midogo kwenye kila waya, yote isogezwe mbali na joto. Kila fundi amewahi kuusahau mrija mkubwa, na dawa yake ni kubandua viungo vyote vitano.

6. Lehemu. Pangilia viungo kwa kupishana, kila kimoja sentimita 1 mbele ya mwenzake, ili hata mrija ukitoboka viungo viwili visikutane. Sokota ncha mbili pamoja, gusisha pasi sekunde 2 hadi 3, na ulishe risasi kwenye shaba, sio kwenye ncha ya pasi. Kiungo kizuri kinang'aa na kimeingia katikati ya nyuzi. Kilichokaa kama tone juu ya waya hakijashika, kipashe moto tena. Kama unaweka kapasita ya nF 100, iunge kati ya +5V na ardhi upande wa soketi ya SNES. Haina upande chanya wala hasi.

   Kwa konsoli ya PAL, lehemu rezista moja kati ya lachi na +5V, na nyingine kati ya mapigo na +5V. Sababu iko kwenye sehemu ya hitilafu. Kama pedi yako ya SNES nayo ni ya PAL, subiri kwanza uone kama utazihitaji.

7. Pima kabla ya kuchomeka chochote. Adapta ikiwa mezani, bila pedi na bila konsoli, hakikisha kila moja ya nyaya tano inalia toka tundu la NES mpaka pini yake ya SNES. Kisha pima kila jozi ya nyaya zisizohusiana. Zipo jozi 10, na hakuna hata moja inayopaswa kulia. Jozi ya +5V na ardhi ipime mara mbili. Ikilia, una shoti, na shoti hiyo inaangukia kwenye kidhibiti volti cha konsoli. Kumbuka kwamba ukiweka rezista za PAL, jozi mbili zitaonyesha takriban kΩ 3.6. Hilo ni sawa, wala hazitalia.

8. Funika viungo. Sinyaza mirija midogo, kisha mkubwa. Kabla ya kuusinyaza ule mkubwa, funga kamba ya plastiki ikibana maganda yote mawili ya kebo, ili ukivuta pedi nguvu iishie kwenye ganda na sio kwenye viungo.

9. Chomeka adapta konsoli ikiwa imezimwa, bila pedi. Washa. Pima volti kati ya pini ya 1 na ya 7 za soketi ya SNES, ncha nyeusi ikiwa kwenye ya 7. Unataka kati ya 4.75 na 5.25. Ikisoma kwa alama ya kutoa, umegeuza umeme. Zima na usichomeke pedi, maana umeme uliogeuzwa unaweza kuua chipu ya pedi. Usishtuke kama taa ya konsoli inawaka na kuzima kila sekunde. NES nyingi za kuingizia kaseti mbele hufanya hivyo zikikosa kaseti, na volti 5 ipo muda wote.

10. Zima, chomeka pedi, weka gemu, washa. Jaribu vitufe vyote 8 kimoja kimoja, kisha mchanganyiko wa mshale pamoja na B na Y.

Makosa yanayorudi kila mara

Kuchomeka na kuchomoa konsoli ikiwa imewashwa. Pini za +5V na data zinaweza kugusa kabla ya ardhi, na chipu za kizazi kile hazipendi jambo hilo.

Kuunda adapta ya kinyume, yaani pedi ya NES kwenye konsoli ya SNES, kwa nyaya hizihizi. Umeme utafika na vitufe vitajibu, lakini pedi ya NES baada ya kitufe cha nane inatoa volti 0 mfululizo, na SNES inasoma hilo kama A, X, L na R zimeshikiliwa daima. Gemu nyingi hazichezeki hivyo.

Kuongeza kapasita kwenye waya wa mapigo kwa nia ya kupunguza kelele. Kapasita inaviringisha kingo za pigo, na pedi inaanza kuhesabu vibaya. Mahali pake ni kati ya +5V na ardhi peke yake.

Kubuni adapta kutokana na plagi inayofanana kwa sura. Plagi ya pini 9 ya Mega Drive, konsoli ya Sega, ina mpangilio mwingine kabisa wa umeme na vitufe.

Inapogoma: soma dalili, ujue waya

Kabla ya kulaumu adapta, chomeka pedi ya NES iliyo nzima kwenye soketi ileile ya konsoli. Kama nayo haifanyi kazi, tatizo ni la konsoli, na mara nyingi ni pini zenye kutu. Zisafishe kwa pombe ya isopropili na ujaribu tena. Kisha jaribu adapta kwenye soketi ya mchezaji wa pili kwa gemu linaloruhusu. Majaribio haya mawili yanachukua dakika moja na yanapunguza nusu ya washukiwa.

*Hakuna kitufe kinachojibu.* Waya wa data umekatika, au pedi haipati umeme, au data na mapigo zimebadilishana. Konsoli yenyewe inavuta waya wa data kwenda volti 5 ndani, hivyo ukikatika gemu linaona pedi isiyoguswa. Pima +5V kwenye soketi kwanza. Ikiwepo, rudi hatua ya 3 na uangalie kama njano na nyekundu zimekwenda kwa rangi. Kwa asiyetumia multimita, hili ndilo kosa la kwanza kulishuku.

*Vitufe vyote vimeshikiliwa.* Dalili hii ina sababu mbili. Ya kwanza ni shoti kati ya data na ardhi, kwa hiyo kila kitufe kinasomeka volti 0. Ya pili ni waya wa lachi kutofika. Pedi hainasi hali mpya, mapigo yanasukuma nje kilichokuwamo, na nyuma yake pedi halisi inajaza volti 0. Zitenganishe hivi: chomoa pedi, iache adapta. Kama gemu bado linaona vitufe vimebonyezwa, ni shoti kwenye adapta. Kama limetulia, tafuta lachi.

*B pekee ndiyo inayojibu, na ukiibonyeza kila kitu kinabonyezwa.* Hapa mapigo hayafiki. Pedi inabaki kwenye kitufe cha kwanza, na konsoli inakisoma kile kile mara nane. Lachi iliyoshikana na +5V inatoa dalili hiyohiyo, kwa kuwa pedi inanasa upya bila kukoma. Pima mwendelezo wa mapigo, kisha pima kama lachi inalia na +5V.

*Vitufe vimehama nafasi moja.* Unabonyeza Juu na gemu linasimama kama umebonyeza Start. Unabonyeza Kulia, mchezaji anakwenda Kushoto. Chini inakuwa Juu. Ukitazama mpangilio wa vitufe 8 utaona kila kimoja kimesogea hatua moja mbele, maana pedi imehesabu pigo moja zaidi ya lililotumwa. Likitokea daima, shuku kiungo kibovu cha mapigo kinachotoa pigo maradufu. Likitokea mara mojamoja, shuku ardhi dhaifu au kelele. Lehemu upya ardhi na mapigo, fupisha kebo, weka ile kapasita ya nF 100 kama uliiruka, na usitumie kebo nyingine ya kurefushia juu ya adapta.

Kuna kisa kimoja kinachofanana na hiki ambacho adapta haina hatia. Kichakataji cha NES za NTSC, kikicheza sauti zilizorekodiwa, kinaweza kupoteza kitufe kimoja katikati ya kusoma pedi. Gemu zilizoandikwa vizuri zinasoma pedi zaidi ya mara moja na kulinganisha, ndiyo maana huoni kitu. Kwa pedi ya NES, hitilafu hiyo huonekana kama Kulia imejibonyeza yenyewe. Kwa pedi ya SNES, nafasi ya tisa ni kitufe cha A, hivyo Kulia ya uongo huja tu kama umeshikilia A. Iachie A na uone kama inakoma. Ikikoma, adapta haihitaji kuguswa.

*Inafanya kazi kwenye NES ya Marekani au ya NTSC, inakufa kwenye ya PAL.* Konsoli za PAL zina dayodi kwenye nyaya za lachi na mapigo. Dayodi hizo zinaruhusu konsoli kuvuta waya chini mpaka volti 0, lakini haziwezi kuupandisha. Kazi ya kupandisha ilikuwa ya rezista za kΩ 3.6 ndani ya pedi za PAL zenyewe. Pedi ya SNES ya Japani au Marekani haina rezista hizo, kwa hiyo nyaya mbili zinaelea na pedi haijui la kufanya. Kuthibitisha: gemu likiwa linaendelea, bila pedi, pima volti kwenye waya wa mapigo dhidi ya ardhi. Kwenye konsoli ya NTSC utaona karibu 5, kwa sababu waya huo unakaa juu na kushuka kwa muda mfupi mno. Ukiona namba ya chini au inayoyumba, weka rezista zilizotajwa hatua ya 6.

*Pedi halisi inafanya kazi, ya kuiga haifanyi.* Hapa kosa si la ulehemu. Konsoli ya SNES inatuma mapigo ya polepole, takriban mikrosekunde 6 chini na 6 juu. Kwenye NES pigo ni sehemu ya mzunguko wa kichakataji na linakaa chini kwa muda usiofika mikrosekunde 1. Pedi halisi, zilizojengwa kwa rejista ya kusogeza (chipu rahisi inayotoa kitufe kimoja kwa kila pigo), hazijali. Lakini baadhi ya pedi za kuiga, na hasa zisizo na waya, zina kompyuta ndogo ndani iliyoandikiwa kasi ya SNES, na inakosa kuona mapigo ya NES. Hakuna rezista wala kapasita itakayotibu hilo. Tafuta pedi halisi ya SNES au ya Super Famicom, yaani SNES ya Japani. Plagi ni ileile.

*Inafanya kazi, kisha inakatika ukisogeza kebo.* Washa gemu, shika adapta, na ukunje kebo polepole sentimita moja moja toka plagi moja hadi nyingine. Inapokatika ndipo penye kosa. Likiwa kwenye kiungo, lehemu upya. Likiwa kwenye shingo ya plagi iliyoyeyushwa pamoja na kebo, nyuzi zimevunjika ndani na hakuna njia ya maana ya kuzifikia, kwa hiyo badilisha kebo hiyo.

*Kila waya unalia mezani lakini gemu bado haliitikii.* Mlio unathibitisha kwamba waya upo, hauthibitishi kwamba ishara inapita. Washa gemu, pedi ikiwa imechomekwa, na upime nyaya tatu dhidi ya ardhi. Mapigo yanapaswa kusoma karibu 5, lachi karibu 0. Data, usipobonyeza kitu, isome karibu 5. Sasa shikilia kitufe cha A cha pedi ya SNES, kile ambacho gemu halikitumii. Gemu likishasoma vitufe vyake 8, pedi inabaki imesimama kwenye cha tisa, ambacho ni A, mpaka isomwe tena. Hivyo data inapaswa kuporomoka karibu na 0 ukiwa umekishikilia, na kupanda ukikiachia. Ikifanya hivyo, lachi, mapigo na data zote zinafika kwenye pedi na kurudi, na kilichobaki ni mguso wa pini kwenye soketi ya konsoli. Isiposhuka, pima data moja kwa moja kwenye pini ya 4 ya soketi ya SNES. Ikishuka pale na isishuke upande wa NES, kiungo cha data ndicho kinachohitaji pasi.